Kaka Zangu na Uchaguzi wa Alberta

Mama alipozidiwa, niliwapigia simu kaka zangu wawili wanaoishi mji mmoja huko Alberta, Kanada. Walikuja kwangu Kenton, mbali na kwao, nilikokuwa nikimuuguza Mama, kwa ndege mbili tofauti. Tangu uchaguzi wa jimbo lao walikuwa hawasemezani. Mkubwa alikipigia kampeni chama cha rangi ya buluu, kinachotetea visima vya mafuta, akiamini kuwa bila mafuta hakuna kazi. Mdogo wake, ambaye ni muuguzi, alipita nyumba kwa nyumba kukiombea kura chama cha rangi ya chungwa, kilichoahidi kuziongezea hospitali fedha. Siku moja mkubwa alimwita msaliti mbele ya watoto wa huyo muuguzi, na undugu ukakatika hapo.

Chumbani kwa Mama walikaa mmoja huku, mwingine kule.

"Mwambie apishe, nataka kumgeuza Mama," mdogo aliniambia mimi, ilhali kaka yake alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

Mama alisikia. Akauliza taratibu, "Hivyo vyama ndivyo vitakavyonizika?"

Mkubwa alitoka, akasimama nje kwenye manyunyu. Nilimfuata nikamsihi arudi amshike mwenzake mkono, hata kwa kuigiza, Mama aone.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hilo siliwezi."

Mama alifariki kesho yake asubuhi. Walibeba jeneza bega kwa bega bila kutazamana, kisha kila mmoja akaniaga kwa wakati wake. Mpaka leo nikianza kumpa mmoja habari za mwenzake, ananiomba tuzungumze mengine.