Nukta ya Ukurasa wa Arobaini na Nne

Kazini walimwita Shangazi, na si kwa sababu ya umri wake. Ukikosea, alikugombeza bila kujali nani anasikia, kisha akakaa nawe mpaka ukaelewa. Alianza kazi akiwa msichana wa swichibodi, vipokea sauti masikioni, namba mia tatu kichwani. Swichibodi ilipong'olewa, wenzake walistaafishwa, yeye akapelekwa chumba cha mitambo kufuta vumbi. Alifuta huku akiuliza maswali. Haikupita miaka sita, akawa ndiye mtunzaji wa seva za majina za shule na hospitali zote zilizokuwa chini ya idara yao.

"Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba," aliwaeleza wageni. "Ukiandika jina la hospitali, seva yangu inakupa namba yake. Mimi bado ni opereta wa simu, ila siku hizi wapigaji hawanisalimii."

Kitu kimoja kilimkaa rohoni. Miaka kumi na moja nyuma alifuata karatasi ya maelekezo kutoka makao makuu, neno kwa neno, na hospitali moja ikakaa siku mbili bila kupokea barua pepe. Majibu ya maabara yalirudi yalikotoka. Kosa lilikuwa la karatasi, barua ya onyo akapewa yeye. Tangu hapo aliapa kutofuata karatasi yoyote ambayo hajaijaribu kwa mkono wake.

Basi Jumatatu moja Mkurugenzi alimwita ofisini na kumkabidhi bunda la kurasa mia mbili na kumi. Kilikuwa kitabu cha mwongozo wa kuendesha seva za majina, ambacho kila fundi wa idara angefundishwa nacho. Mwandishi wake alikuwa mshauri msomi waliyemwita Daktari, daktari wa vitabu, si wa sindano. Wajumbe watano walitakiwa kukipima kabla hakijachapwa.

"Wenzako wanne wameshapitisha," alisema Mkurugenzi, akimsogezea fomu. "Wewe tunakuhitaji kama fundi mzoefu. Saini hapa tu, Shangazi."

"Nimesoma jalada, bado ndani."

"Wanne wameshasoma ndani."

"Basi mimi wa tano nitasoma tena."

Alibeba kurasa zake mpaka chumba cha mitambo, akawasha kompyuta mbili kuukuu zilizokuwa zikisubiri kutupwa, na kwa siku nne akafuata kitabu hatua kwa hatua. Hakuwa na kinyongo nacho. Sura ya kwanza ilimpendeza hata akamsomea fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa. Sura ya tatu ilimfundisha jambo asilolijua, akaandika pembeni: "Hapa umenizidi." Lakini alipofika ukurasa wa arobaini na nne, kitabu kilimwangusha.

Katika faili la seva, jina kamili huandikwa na nukta mwishoni. Nukta ndiyo inayoiambia mashine kwamba jina limeishia hapo. Isipokuwepo, mashine hudhani jina halijakamilika, ikalibandika mwishoni jina la ukoo, yaani la mtandao mzima, kwa mara ya pili, na barua zikatumwa mahali pasipo na mtu. Kwenye kitabu kizima, kila mfano, nukta hazikuwepo. Na kama hilo halitoshi, ukurasa wa tisini ulishauri seva kuu na ya akiba ziwekwe kabati moja, chumba kimoja. Umeme ukikatika pale, zote zingezima pamoja.

Nyumbani, dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, alimwona hali chakula.

"Una nini, mdogo wangu?"

"Wanataka nipitishe kitabu kisicho na nukta. Wataniona nimechanganyikiwa, kugombania nukta."

Dada akaweka kijiko chini. "Wodini kwetu, nukta ikiruka kwenye kipimo cha dawa, mtoto anapewa mara kumi. Waambie waje niwaeleze mimi."

Kikao kilikuwa Ijumaa asubuhi, meza ndefu, chupa za maji, kiyoyozi kikidondosha matone kwenye ndoo. Wajumbe wanne walikisifu kitabu kwa zamu. Shangazi alipopewa nafasi, alifungua kompyuta yake na kuiunganisha na projekta iliyoelekea ukutani.

"Daktari, naomba usome ukurasa wa arobaini na nne. Mimi nitachapa unachosoma. Herufi kwa herufi, sipunguzi, siongezi."

"Mama, hatuko darasani," Daktari alisema.

"Fundi atakayekipokea kitabu hiki hatakuwa na wewe pembeni. Soma."

Daktari akasoma kwa sauti ya kuchoka. Shangazi akachapa, akaiwasha upya seva ya majaribio, kisha akaiuliza barua za shule ya mfano ziende wapi. Jibu likatokea ukutani, kubwa, kila mtu akaliona: jina la shule mara mbili, limejifuata lenyewe.

"Umekosea kuchapa," alisema Daktari.

"Nionyeshe wapi."

Daktari alivaa miwani, akasogea ukutani, akarudi kwenye ukurasa. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Kisha akasema polepole, "Nukta zangu ziko wapi?"

Mpanga kurasa, aliyekaa karibu na mlango, alinyoosha mkono nusu. "Nilidhani ni makosa ya uchapaji. Nilizifuta zote. Nilikurudishia kurasa uzihakiki, ukaandika 'sawa'."

Hapo ndipo Shangazi alipotegemea mambo yataisha. Lakini Mkurugenzi aligonga meza kwa kalamu. "Mitambo ya uchapaji inaanza mchana huu, na Waziri anazindua Jumanne. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Masahihisho yatafuata."

"Yatafuata lini?" Shangazi aliuliza. "Baada ya hospitali ya ngapi?"

"Saini, Shangazi. Usijifanye unajua kuliko watu waliosoma."

"Sikusoma, na ndiyo maana nilikijaribu. Waliosoma walikisifu." Akaisukuma fomu, tupu, mpaka mbele ya Mkurugenzi. "Mimi niliajiriwa kuwa fundi. Kama unatafuta kalamu, ziko stoo."

Siku ileile aliondolewa kwenye kamati. Kitabu kilizinduliwa Jumanne kikiwa na majina manne ya wapimaji. Jumatano Shangazi aliketi akaandika kurasa saba za masahihisho, kila moja na namba ya ukurasa wa kitabu, na chini yake jina lake kamili na namba yake ya simu. Alizituma kwa mafundi wa ofisi zote thelathini na moja, bila kumwomba mtu ruhusa.

Barua ya onyo ilimfikia Ijumaa: kuidhalilisha idara, kukaidi amri. Alitakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya siku saba. Alijibu palepale, akiwa amesimama kaunta ya masijala: "Nimekaidi. Kosa la ukurasa wa arobaini na nne bado lipo. Naomba nijibiwe hilo."

Hakujibiwa. Simu, hata hivyo, zilianza kuita, fundi mmoja baada ya mwingine, wanauliza hiki na kile, wengine wakikiri walikwisha kukwama. Mmoja wa waliopiga alikuwa Daktari.

"Toleo la pili nitalipitia mwenyewe," alisema. "Nukta zitarudi. Nikuweke jina lako?"

"Weka nukta kwanza. Na kabati?"

"Kabati lilikuwa shauri la Mkurugenzi. Chumba cha pili hataki kukitoa."

"Basi niachie huyo," alisema Shangazi, akavuta karatasi safi na kuanza barua nyingine.