Mpira wa Sufuria ya Presha

Mama Nsimire, fundi wa sufuria za presha pale Mugunga, hana subira na watu wanaokata mpira wa ndani wa pikipiki na kuuvisha kwenye mfuniko. Muzee Akonkwa alipomletea sufuria yake, fundi aliinusa akakunja uso.

"Papa, munakulaka mupira wa pikipiki tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Tulifikiri maharagi ndiyo mabaya. Nimegombana na wamama watatu wanaoyauza."

Nsimire alitumbukiza pete nyeupe ya silikoni kwenye maji yanayochemka. Ilitoka vilevile, laini, bila harufu. Akaivisha kwenye mfuniko.

"Hii inavumilia moto. Sasa muende muombe wale wamama musamaha."

Muzee alijikuna kichwa. "Mumoja ni mama mukwe wangu."