Wamonaki Niliowakaribisha Germantown

Usiniambie nilikuwa nimesinzia. Nimekaa na wagonjwa miaka mingi, na najua tofauti ya ndoto na mtu aliyesimama mbele yangu akinitazama. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, Germantown, Maryland, mwishoni mwa miaka ya tisini, taa zote za nyumba zikiwaka.

Nilikuwa namhudumia mzee Mwingereza, mwalimu mstaafu wa historia ya majengo. Mke wake alishafariki na binti yake wa pekee aliishi London. Maisha yake yote mzee aliyamalizia kuichunguza abasia moja, makao ya wamonaki, wale watawa wa kiume, ambayo sasa ni magofu kaskazini mwa Uingereza. Mimi ni Mkatoliki wa kusini mwa Tanzania, nimekulia jirani na abasia, kwa hiyo neno halikunitisha. Lakini yake ilikuwa ya karne ya kumi na mbili, na aliipenda kama mtu anavyopenda kijiji alichozaliwa. Alikuwa ameunda mfano wake kwa karatasi ngumu, ukajaa meza nzima, sisi tukawa tunakula sahani zikiwa magotini.

Alinionyesha kanisa lenye umbo la msalaba, nguzo nene na matao yaliyochongoka, na ua wa katikati wenye baraza pande zote nne. Ghorofani, upande wa mashariki, ndipo lilipokuwa bweni. Kutoka bwenini ngazi iliteremka moja kwa moja hadi kanisani, ili wamonaki wakiamka kusali usiku wasitoke nje kwenye baridi. Baadaye mfalme akazifunga abasia zote. Watu wake wakang'oa mabati ya madini ya risasi yaliyoezekea paa, mvua ikaingia, majirani wakabeba mawe wakajengee mazizi. Akifika hapo mzee alikuwa anakasirika kana kwamba wamembomolea yeye.

Jambo lililonikaa kichwani ni hili. Mmonaki akikaribia kukata roho, mwenzake aligonga ubao pale barazani, na wote, hata aliyekuwa akikanda mkate, waliacha kazi wakaja mbio. Walimteremsha mgonjwa sakafuni, juu ya msalaba wa majivu, wakasimama mistari miwili wakimsalia.

"Mgonjwa mnamlaza chini?" nilimuuliza, nimeudhika kweli.

"Lakini hakuna aliyekufa peke yake," akasema.

Hapo nikajua anachokiogopa. Alitaka amwone binti yake kwanza. Alinisihi nisimwache aondoke duniani kabla binti hajafika. Ningemzuiaje? Nikamwahidi hivyo hivyo.

Siku yenyewe theluji ilianza mchana. Njeri, Mkenya tuliyekuwa tukipokezana naye zamu, alikuwa anavaa koti.

"Mimi na-leave kabla barabara zifungwe," akaniambia. "Msichana wake ame-land, yuko njiani. Lakini huyu mzee, dadangu, sijui kama ata-make it mpaka afike."

Jioni iliingia mapema, kama kawaida ya majira ya baridi. Kitanda cha mzee kilikuwa sebuleni, na huko juu hakuna aliyelala. Pumzi zake zilikuwa zimeanza kuachana kwa muda mrefu. Nikiwa jikoni nikasikia mbao zikigongana, ko, ko, ko, sauti kavu. Nami nikaitika kama tunavyoitika kwetu mtu akibisha, bila hata kugeuka.

"Karibuni."

Kwa nini nilisema kwa wingi? Mpaka leo sijui.

Hawakuingia mlangoni. Waliteremka ngazi kutoka ghorofani, mmoja nyuma ya mwingine, wanaume waliovaa kanzu nyeupe za sufu na vazi jeusi mabegani. Wakajipanga mistari miwili kando ya kitanda, wakitazamana. Mkubwa wao, mzee mwenye masikio makubwa, akainama akamwaga majivu juu ya zulia, kwa umbo la msalaba. Nikaelewa kinachofuata.

Niliogopa hadi Kiingereza chote kikanitoka. Nikasema kwa Kiswahili, "Wazee wangu, shikamooni. Huyu hatumtoi bado. Mwanawe yuko njiani. Nawaomba mmsubiri mtoto wake." Halafu nikawauliza kama watakunywa chai. Unacheka? Wewe ungefanya nini na wageni wamesimama sebuleni kwako?

Yule mkubwa akaweka kidole mdomoni, kisha akateremsha mkono taratibu. Wakasubiri. Niamini, walisubiri kwa adabu kuliko ndugu wengi niliowaona hospitalini.

Binti akaingia na theluji viatuni, akapita katikati yao bila kuwaona. Mzee akafungua macho, akamtaja jina, akamshika mkono. Walizungumza kidogo, na mzee akakata roho akitabasamu. Nililia kwa furaha, kusema kweli.

Wageni wakaanza kupanda ngazi. Nami, mtoto niliyelelewa vizuri, nikawasindikiza hadi chini ya ngazi na kuwaambia, "Asanteni sana. Karibuni tena."

Wa mwisho akasimama, akageuka, akainamisha kichwa.

Nilipomsimulia Njeri, hakucheka. "Sasa unawa-invite tena kwa nini? Si ungesema tu bye?"

Walirudi. Walikuja Riverdale Park, kwa bibi niliyekuwa namhudumia, asiyekuwa na ndugu hata mmoja, na siku hiyo nilishukuru kuwaona. Walikuja Manassas pia, kwa mgonjwa mwingine. Nikaanza kuwazoea. Nikadhani wanafuata kazi yangu.

Kisha mama yangu akaja kutoka Tanzania kunitembelea. Alikuwa mzima, anapika, anailalamikia baridi. Jioni moja nilikuwa bafuni nafua, yeye sebuleni anachambua mchele, nikasikia ko, ko, ko. Nilitoka mbio na povu mikononi. Lakini mama ni mtu wa adabu zake, alishaitika.

"Karibuni, wanangu."

Nilimkuta ameegemea kiti, sinia limemtoka mapajani, na wao wamejipanga. Nikapiga magoti. Nikamwambia yule mkubwa yale yale, wamsubiri mtoto wake.

Akanitazama kwa huruma, akaninyooshea kidole: mtoto mwenyewe ndiye mimi, na nilikuwa nimeshafika.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayesoma. Mgeni usiyemjua akiondoka nyumbani kwako, hata kama amekutendea wema mkubwa, mwambie kwaheri, kisha funga mdomo.