Kujifunza Kupigwa kwa Maandishi

Shemeji yangu wa Mwanza ndiye aliyeniingiza kwenye mieleka. Aliniunga kwenye kundi moja la simu bila kuniuliza, akaandika, "Huyu hapa mwanamume wa kilo mia," kisha yeye mwenyewe akajitoa baada ya wiki. Mimi nilikuwa na kilo sitini na tatu na umri wa miaka arobaini na saba. Nikabaki.

Ilinichukua siku tatu kuelewa kinachofanyika mle. Hakuna anayemwinua mtu. Kila mwanachama hubuni mwanamieleka wake, humpa umbo, mavazi na tabia, kisha humwandikia tambo za kabla ya pambano. Siku yenyewe, wawili huandika kwa zamu: mmoja anatupa ngumi kwa sentensi, mwenzake anaipokea kwa sentensi. Baada ya zamu tano tano, waamuzi watatu hupiga kura kuamua nani ameandika vizuri zaidi. Wanachama walikuwa Dodoma, Mombasa, Bujumbura na Goma, na mmoja, niliambiwa, alikuwa Kabuga, mwendo mfupi wa basi kutoka kwangu Busanza.

Nilinakili kanuni zote kumi na moja kwenye daftari. Ndivyo ninavyojifunza. Sikumaliza sekondari; nyaya za umeme, Kifaransa cha kusomea na ufugaji wa nyuki vyote nilivipata kwa njia ya madaftari. Kanuni ya tisa ilisema kwamba mgeni akishindwa mara tatu mfululizo anaondoka, isipokuwa mshindi wake akiomba marudiano. Sehemu ya kwanza niliipigia mstari. Ya pili niliona haina kazi, maana nani humwomba aliyemshinda arudi?

Nami nilitaka kubaki. Hapa Kigali nimekaa miaka tisa nikitunza ghala la vifaa vya ujenzi Kicukiro. Ripoti zangu ni za Kiingereza, wapakiaji wananisemesha Kinyarwanda, na watoto wangu hunijibu kwa mojawapo ya hizo mbili. Kiswahili changu kilikuwa kimebaki cha kusalimia jamaa kwenye simu na kuombea chakula. Mle kundini kilipata ajira.

Mwanamieleka wangu nilimwita Mkaguzi. Alivaa koti la kaki, alipanda ulingoni na futi ya chuma ya kujikunja na daftari, na hakuwahi kupandisha sauti. Kwa pambano la kwanza nilijiandaa siku nne. Katika zamu yangu ya kwanza tu nilieleza jinsi Mkaguzi alivyomshika mpinzani mguu wa kushoto, akauzungusha, ukateguka, mpinzani akalia, akaomba radhi, akatolewa kwa machela. Nikaona nimemaliza kazi mapema.

Mwamuzi mkuu akaandika: "Kaka, mguu wa mwenzio si wako. Wewe andika mkono wako, yeye ataandika maumivu yake."

Nikakosa kura zote tatu. Kosa nililielewa, nikalirekebisha kupita kiasi. Katika pambano la pili sikumwamulia mtu maumivu, ila nami sikukubali kuguswa. Kila ngumi ilipokuja, Mkaguzi alikuwa ameshapima umbali wake na kusogea sentimita zinazohitajika. Zamu zote tano zilikwisha na koti lake halijapata hata mkunjo. Nikakosa kura zote tena, na mpinzani wangu wa Mombasa akaandika: "Jamani, leo nimepigana na ukuta. Na ukuta wenyewe haujapakwa rangi."

Mke wangu aliposoma alicheka hadi akakaa chini. "Ukuta," akasema. "Hawajawahi kukuona, na wamekujua."

Pambano la tatu lilipangwa Jumapili mchana. Mpinzani alikuwa yule wa Kabuga, ambaye mwanamieleka wake, Daktari wa Meno, alikuwa jitu lenye aproni na koleo, na halikuwa limeshindwa tangu kundi lianze. Niliandaa kurasa sita za ulinzi.

Jumamosi nilikuwa nimeahidi kumsindikiza jirani yangu kwenye posa. Ni fundi wa friji, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na watu humwita awasemee wanapokwenda kuomba binti. Hapa kwetu upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi hukaa hemani wakitazamana, na kila upande una msemaji wake. Bibi harusi hufichwa ndani mpaka wasemaji wamalizane. Msemaji wa kina binti alianza kwa kuuliza, kwa Kinyarwanda nilichokifuata kwa shida, kama kijana wetu amewahi kukamua ng'ombe au maziwa huyaona kwenye pakiti tu.

Jirani yangu akasimama, akaweka shuka lake sawa begani. "Amewahi," akasema. "Ng'ombe wa kwanza aliyemkamua alikuwa dume. Ndiyo maana tumemleta kwenu, mumfundishe."

Hema zima likacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa yule msemaji wa kina binti. Ikaendelea hivyo karibu saa nzima: yule anatupa kashfa, jirani yangu anaikumbatia na kuiongeza chumvi. Mwisho binti akatolewa.

Wakati wa kula nikamuuliza, "Mbona ulikubali kila kashfa? Majibu ulikuwa nayo."

"Majibu iko mingi, ndugu yangu. Lakini mimi nikikataa kila kitu, yule mwenzangu atasema nini? Tutabaki tunaangaliana tu, na bibi harusi atazeekea chumbani." Akachukua kipande cha nyama. "Yeye ananipiga, mimi naanguka muzuri. Watu wanasema, hawa wawili wanajua kusema. Wawili. Hawasemi mimi peke yangu."

Nikatoa daftari.

"Na hii unaandika? Wewe Mutanzania, utakuja kuandika hata mazishi yako."

Jumapili, baada ya ibada, niliziweka kando zile kurasa sita. Daktari wa Meno alianza: "Mkaguzi amepima kila kitu isipokuwa mdomo wake. Fungua, baba." Akamshika taya kwa mkono wa kushoto, akaleta koleo karibu, akaishia hapo. Yaliyobaki yalikuwa yangu.

Wiki iliyotangulia Mkaguzi angesogeza kichwa sentimita mbili. Sasa nikaandika kwamba alifungua mdomo, kwa kuwa daktari ni daktari. Jino likatoka. Akaanguka chali, futi yake ikajikunja ghafla na kumpiga puani. Akiwa bado sakafuni, alitafuta kalamu na kuandika: Jino moja, la chini, kulia. Lilikuwa zima.

Jibu lilikuja kabla sijanywa chai yangu. Daktari alikuwa ameliinua jino kwenye mwanga, akakubali kwamba kweli lilikuwa zima, akasema hilo lilikuwa la mazoezi. Tukaenda hivyo zamu zote, na nilijikuta nangoja kupigwa.

Nilishindwa, kura mbili kwa moja. Nikaandika mistari mitatu ya kuaga, nikataja kanuni ya tisa, nikawashukuru. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kujitoa ujumbe ulipoingia.

"Wewe Mkaguzi, unakwenda wapi? Umebaki na meno thelathini na moja. Naomba marudiano."

"Kanuni ya tisa, sehemu ya pili," akaandika mwamuzi mkuu. "Anabaki."

Nikafungua daftari nikaipigia mstari.

Miezi kadhaa baadaye nilimjua mwandishi wa Daktari: mama wa Kirundi anayeuza vitenge sokoni Kabuga, mfupi kuliko mimi, mwenye sauti ndogo. Nilipojitambulisha aliweka mkasi mezani, akanitazama usoni mbele ya wateja wake.

"Karibu, baba. Fungua nihesabu."

"Yamebaki ishirini na sita," nikasema.

"Bado iko kazi," akasema, akanivutia kiti.