Kigurudumu cha Pembeni ya Goti la Rubani

"Sijasema hakifanyi kazi, Ami. Nimesema sicho alichonyanyulia pua."

Ami, kaka mkubwa wa marehemu baba, alikuwa ametoka Pemba kwa kale kandege kadogo, akakalishwa mbele karibu na rubani. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwake Usagara tulikokuwa tunaishi mimi na mama, anawasimulia mashemeji zake vile rubani alivyoachia usukani akaiendesha ndege kwa kuzungusha kigurudumu pembeni ya goti. Mi ndo nilikuwa natembeza kahawa. Ningenyamaza. Ila Ijumaa hiyo, kesho yake nilikuwa nasafiri kwenda Dar kwenye usaili wa chuo cha mafundi wa ndege, na mambo hayo hayo ndo nilikuwa nayasoma.

"Tufundishe basi, injinia," akasema shemeji mmoja, wakacheka.

Nikaweka birika chini. Nikawaambia mkiani kuna bawa dogo la kulala, na nyuma yake kipande kinachocheza kama mlango. Rubani akivuta usukani, kipande kinanyanyuka, upepo unausukuma mkia chini, pua inapanda. Lakini upepo unataka kukirudisha, na mkono unachoka. Hapo ndo anazungusha kigurudumu: kinakunja kijipande kingine kidogo zaidi, upepo wenyewe unakishikilia kile kikubwa palepale, mkono unapumzika. Usukani unaomba, kigurudumu kinashikilia.

"Na madege makubwa?" Ami akauliza, mpole kabisa.

"Yale kigurudumu kinainamisha bawa zima la mkia."

"Likiinama vibaya, rubani anavuta?"

"Anavuta. Likizidi, kipande hakiliwezi. Bawa ni kubwa."

"Mmesikia? Humu ndani bawa mimi, wewe kipande. Haya, vuta tuone."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nikasema mbele yao kwamba Ami hakuona rubani anafanya nini, safari nzima alikuwa anatapika, na kanzu aliifua mama.

Ami akamwita mama kutoka jikoni.

"Huyu umemlea wewe. Niombe radhi."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akainama, akambusu mkono. Ami hakuuondoa. Akaugeuza.

"Na huku."

Mama akabusu na kiganja.

"Asubuhi hawa wakija chai, aje mwenyewe, abusu, na awaambie kigurudumu ndo kilichonyanyua pua. Akisema, aende Dar. Hasemi, atakaa na wewe jikoni."

Jikoni mama alirudia masufuria yake. "Sema tu, mwanangu."

"Niseme uongo hapa, kwenye usaili nikaseme nini?"

"Kwani hao wa usaili watakuwepo hapa?"

Akasugua, akasugua, halafu akasema bila kuniangalia, "Usiposema, atanibusisha mimi tena."

Nilijua. Nilijua pia atafanya mbele ya watu walewale, na safari hii atakuwa na hasira zaidi. Nilimtazama mgongo, nikaona uchungu, na uchungu haukunibadilisha. Nikaamua kwamba asubuhi, Ami akiwa bado msikitini, mi nitakuwa stendi. Mkono sitaubusu, neno sitalitoa, na mama nitamwacha akaombe radhi peke yake.