Msiba wa Fittja: sheria ya kijiji cha Waaborijini ilipoingia sebuleni kwangu

Wakuu, habari za wikiendi.

Juzi kuna mdau humu aliuliza kama watu wanaoishi ughaibuni bado wanafanya misiba kama nyumbani. Nikasoma majibu, nikacheka, halafu nikakumbuka msiba mmoja uliotaka kunivunjikia mkononi.

Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Ilikuwa Stockholm, katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimepelekwa kusomea uchapaji wa magazeti. Nilipanga Fittja, kitongoji cha pembeni ya mji, majengo yakiwa bado mapya, ngazi zinanuka rangi, na nje kuna matope mahali ambapo kwenye ramani paliandikwa bustani.

Siku moja mama mmoja wa Kiswidi, wa kikundi cha wanafunzi kilichokuwa kikialika wageni kuzungumza, alinipigia simu. Ana mgeni kutoka Australia, mwenyeji asilia, Mwaborijini. Mahali alipotakiwa kufikia pamekwama. Je, ninaweza kukaa naye majuma machache, maana naongea Kiingereza na nina chumba?

Nikasema aje.

Akaja Walter. Mtu wa makamo, mwembamba, koti la kuazima limemzidi mabega. Kwao kaskazini alikuwa mmoja wa wazee wanaoamua nani aingie kwenye ardhi ya kijiji na nani asiingie. Hilo ndilo alilokuja kulizungumzia, kwa sababu kampuni za madini zilikuwa zimeanza kubisha hodi.

Alikuwa na picha moja aliyoiweka juu ya kabati. Yeye na kaka yake wamesimama pembeni ya kibao kilichoko njia panda ya kuingia kijijini. Kibao kimeandikwa sheria. Usiingie bila kibali. Usilete pombe. Usipige picha kabla hujauliza. Usiache barabara.

Mimi na udadisi wangu wa kigazeti nikamuuliza, inakuwaje mtu aombe kibali kuingia kijijini? Kwetu mgeni anakaribishwa tu.

Akaniangalia. "Wewe uliingia Sweden bila kuomba?"

Baadaye nikamuuliza kama sheria ndizo hizo tu za kwenye kibao. Akasema hapana, nyingine hawaziandiki, mgeni anaambiwa akishafika na kukiwa na sababu ya kuambiwa.

Kumbukeni pia kwamba Waaborijini si taifa moja. Kila eneo lina taratibu zake. Mimi nasimulia za kwao Walter.

Sasa niwatambulishe watu wengine wawili watatu.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja, Mnyakyusa kutoka Tukuyu, Mlutheri, anafanya kazi kwenye maghala ya Jordbro. Ndiye aliyekuwa kiongozi wetu pasipo uchaguzi wowote. Arusi yeye, ugonjwa yeye, ugomvi wa mume na mke yeye. Huyu mzee na kaka wa Walter walikuwa na jina moja, lile lile la Biblia. Siku alipoonyeshwa ile picha akafurahi mno. "Kumbe nina somo Australia!" Tangu hapo kila akija kwangu anauliza, "Somo wangu hajambo?"

Basi humu nitamwita Mzee Somo. Jina lenyewe siliandiki.

Mtu huyu alilipenda jina lake, wakuu. Waswidi walilitamka ovyo, naye alimsahihisha kila mmoja, hadi msimamizi wake wa kazi.

Mwingine ni Musoke, Mganda, alikimbia kwao akapata kazi kwenye maabara ya kusafisha picha. Mkimya, mkarimu kupita kiasi. Aliiazima ile picha ya Walter akaitolea nakala, aje kumpa siku ya kuondoka.

Kisha Jumatano moja yule mama wa Kiswidi akapiga simu. Sauti yake tu nikajua. Kaka yake Walter amefariki.

Tiketi ya ndege ya Walter ilikuwa ya wiki iliyofuata na haikubadilishika. Ikabidi msiba aukae Fittja.

Niliona mambo mawili siku ile. Alilitoa godoro kitandani akalilaza chini. Na ile picha aliifunga ndani ya shati akaiweka chini kabisa ya begi. Nikadhani ni uchungu tu. Sikuuliza.

Nikawapigia simu watu. Mzee Somo akasema, "Jumamosi tunakuja wote. Mtu hawezi kulia peke yake ugenini." Nikamweleza Walter kwamba watu watakuja kukaa naye. Akashukuru. Akasema hata kwao watu hukaa pamoja.

Jumamosi ikafika. Saa tisa alasiri nje giza linaingia, kama kawaida ya kule wakati wa baridi. Kina mama walikuwa jikoni na pilau. Walter alinisaidia kusogeza makochi na kutandika mikeka. Wakenya wawili wameshakaa, Wakongo wanavua viatu mlangoni.

Mimi mtu wa utaratibu. Nikaona si vizuri mfiwa akae bila kujua kinachofuata, nikamweleza. Tutaanza na sala. Halafu Mzee Somo atasoma wasifu wa marehemu. Halafu Musoke ataleta picha kubwa ya marehemu, ameikuza kutoka kwenye ile nakala na kuitia fremu, tutaiweka mezani na mshumaa, kila mtu apite kutoa pole.

Walter aliinuka.

Akaenda mlangoni, akachukua lile koti la kuazima, akalivaa. Akaanza kutafuta buti zake.

Nikamfuata. "Kaka, vipi?"

Akaongea polepole, bila hasira. Akasema kwao mtu akifa jina lake halitajwi tena, na sura yake haionyeshwi, mpaka ndugu zake waseme sasa inawezekana. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua miaka. Akitajwa anasumbuliwa, na walio hai wanaumizwa upya.

Nikasema, lakini hapa ni Fittja. Kibao kiko kule kwenu.

"Mimi ndiye ninayewaambia wageni wa kwetu wafuate sheria," akasema. "Nikifika nyumbani mama yetu mzazi ataniuliza, huko ulikokuwa ulimfanyia nini mwanangu? Nitasema nilikaa kwenye kiti nikiangalia?"

Akafunga kifungo cha kwanza. "Siwakatazi. Nyumba si yangu. Ila jina likitajwa, siwezi kukaa humu. Nitaondoka."

Aende wapi? Alimjua mama mmoja wa Kiswidi tu, na siku hiyo alikuwa safarini. Nje barafu. Na akibaki jina likatajwa, kwao msibani asingeweza kumtazama mama yake usoni.

Nikamwambia subiri kidogo. Wasifu tutaufuta, picha tutaizuia. Nikajiona nimelimaliza.

Hapo ndipo akili iliponishtuka. Wasifu ni jambo dogo. Mzee Somo mwenyewe yuko njiani, na kila atakayemwamkia atamwita kwa jina. "Shikamoo Mzee fulani." "Karibu Mzee fulani." Lile jina lilikuwa linapanda na lifti.

Nikatoka mbio koridoni.

Lifti ikafunguka. Mzee Somo na suti yake nyeusi, mkewe Mama Neema na sufuria, nyuma yao Musoke amekumbatia fremu iliyofungwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo mzee. Naomba tuongee jikoni, sasa hivi."

Kina mama wakatupisha, akabaki Mama Neema na sufuria yake. Nikaeleza kila kitu kama nilivyoambiwa.

Musoke alikuwa wa kwanza. "Lakini mimi nimekata vizuri sana, man. Nimeweka na ribbon."

"Najua, Musoke. Ila haiwezi kuingia sebuleni."

Mzee Somo akanikazia macho. "Kijana, msiba usio na jina ni msiba wa nani? Tunamwombea nani, mbwa?"

"Mzee, ndivyo walivyo kwao."

"Kwetu mtu asiyetajwa ni yule aliyekufa na aibu yake. Huyu amefanya aibu gani? Ni somo wangu. Mimi nisipomtaja, nani atamtaja?"

Nikamwambia na lile la pili, lililokuwa gumu zaidi. Kwamba hata yeye mwenyewe, leo, asiitwe kwa jina lake.

Sebuleni tulisikia watu wanaingia, milango inafunguka na kufungwa. Kupitia uwazi wa mlango nilimwona Walter amesimama pale pale, koti limefungwa hadi shingoni, begi miguuni.

"Nimeacha baba Tukuyu," Mzee Somo akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Nimeacha shamba, nimeacha lugha. Kilichobaki ni hilo jina. Sasa na lenyewe nilivue mlangoni kama viatu?"

Mama Neema alikuwa anafunua sufuria, hata hakugeuka.

"Baba Neema. Jina la baba yako ni nani?"

"Unalijua."

"Nalijua. Umewahi kunisikia nalitaja?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Tangu umenioa silitaji. Wala neno linalofanana nalo. Mama yako alinifundisha hivyo nilipofika kwenu, nikashika, na mpaka leo hapa kwa wazungu nimeshika. Kuna siku mmesema simheshimu mkwe wangu?"

"Hiyo ni tofauti."

"Haya, niambie tofauti yake. Pilau inapoa."

Wanyakyusa humu mtanisahihisha, lakini ndivyo nilivyoelewa. Mwanamke aliyeolewa kwao alikuwa halitaji jina la baba mkwe.

Mzee Somo alitoa karatasi ya wasifu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akaniuliza, "Nikitoka hapa waniite nani?"

Mama Neema akamjibu kabla yangu. "Mimi nakuita Baba Neema kila siku. Umepungukiwa nini?"

Akatoka. Hakumwangalia mtu. Akasimama katikati ya sebule kabla yeyote hajafungua mdomo, mkono juu.

"Ndugu zangu, salamu baadaye. Kuanzia sasa, mpaka ndugu zake Walter watakapotuletea neno, mimi naitwa Baba Neema. Atakayeniita vingine, sitaitika. Na marehemu wetu leo hatumtaji. Mungu anamjua."

Mkenya mmoja akacheka kidogo akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaangalia soksi zake.

Walter haelewi Kiswahili. Nikamtafsiria. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini koti hakuvua. Nikaelewa. Ahadi ni maneno. Alikuwa anangoja aone.

Musoke alikataa kurudi na picha kwenye treni, akasema msibani haondoki mtu. Walter alimwomba asiichane wala asiichome, aifunge tu, ndugu zake wataamua. Basi Musoke akashuka nayo kwenye chumba cha kufulia nguo, akakaa huko na fremu mapajani, na kina mama wakampelekea sahani yake. Jirani mmoja wa Kiswidi alikuja kufua akamkuta. Sijui walisemezana nini.

Tukaanza sala. Mzee alisali vizuri, pole pole, akisema "ndugu yetu huyu" na "mtoto wa mama yule". Chumba kikatulia. Nikaanza kupumua.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Kulikuwa na kijana wetu mmoja anakaa Hässelby, upande wa pili kabisa wa mji. Huchelewa kila mahali, na sauti yake inatangulia. Hakuwa amesikia lolote. Akamwona mzee, akatanua mikono.

"Shikamoo Mzee..."

Mzee wa miaka ile na suti ile, sikujua ana mwendo wa namna hiyo. Aliruka miguu ya watu mkekani, akamkumbatia kijana, akamgandamiza uso begani kwake, kabisa, mpaka lililobaki likaishia ndani ya kitambaa cha koti. Akamshikilia hivyo.

"Marahaba, marahaba mwanangu. Sema Baba Neema."

Kijana hajui kinachoendelea, anahema begani. "Baba Neema," akasema.

"Ee. Kaa chini."

Nikageuka kumtazama Walter.

Alikuwa anafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine. Akalitundika msumarini, akaja akakaa mkekani, ubavuni kwa mzee. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ile simu, alilia. Mzee akamshika goti, wakakaa hivyo mpaka chai ikaletwa.

Wakuu, ndiyo hivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Walter uwanja wa ndege. Nikamuuliza, mama akikuuliza utamjibu nini? Akasema, "Nitamwambia kuna mtu huko alinyamaza kwa ajili ya mwanao, na lilikuwa jina lake pia."

Neno la ndugu zake lilifika baada ya mwaka na zaidi, sikumbuki ni muda gani hasa. Kwa muda wote huo, Jordbro kazini mzee aliendelea na jina lake la ubatizo kwa sababu Waswidi wangechanganyikiwa. Lakini kwetu sisi Waswahili alikuwa Baba Neema, na ukisahau haitiki. Nilimwona mara moja amekaa anapitwa na chapati kwa sababu aliyekuwa anamgawia alimwita vibaya.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nafikiri sheria ya mahali inaanzia kwenye kibao na kuishia kwenye kibao. Kumbe kuna sheria ambazo mtu anatembea nazo, na ukishamkaribisha mtu ndani umezikaribisha na zenyewe. Na kabla hujapanga kumfariji mtu, muulize kwanza kwao wanafarijiana vipi. Swali dogo sana. Siku ile mimi nililiuliza watu wakiwa wameshavua viatu.

Uwanja ni wenu. Wanyakyusa, Wamasai, Wasukuma na wengine ambao kwenu kuna majina hayatajwi, ya wafu au ya wakwe, tuelezeni desturi ikoje na kama bado ipo. Majina yenyewe msiyaandike.