Mada Iliyompita Salwa

Salwa ni mhudumu wa maktaba mjini Kayanga. Mwaka jana yeye na mkubwa wake wa kazi, Benadeta, walipelekwa Bukoba kwenye kongamano la kanda la kuhifadhi urithi wa wenyeji wa visiwani. Siku ya pili akasimama mama mmoja kutoka kisiwa cha Tumbatu, Zanzibar, na alipoanza tu kuzungumza Salwa akashtuka. Ilikuwa lafudhi ya bibi yake.

Bibi Mwaja alitolewa Tumbatu akaletwa huku Karagwe na mumewe, muuza vitambaa, angali msichana. Mume alishafariki. Kinyambo, lugha ya huku, alikijua cha kumtosha kununulia ndizi sokoni, lakini mtu wa kuzungumza naye Kitumbatu hakumpata tena, na wajukuu walizoea kumcheka akikisema.

Wakati wa chai Salwa alimfuata yule mama. "Shikamoo, mama. Bibi yangu ni wa kwenu. Naomba umsalimie tu."

Akapiga simu, akaweka spika. Yule mama akasalimia kwa Kitumbatu. Bibi akauliza ukoo, akauliza kijiji, na mara wote wawili wakawa wanacheka kwa sauti, mmoja pale koridoni, mwingine kwenye simu. Watu walirudi ukumbini, wao wakaendelea. Salwa alisimama hapo, nusu ya maneno haelewi, machozi yakimlengalenga.

Jioni Benadeta alimwuliza, "Ulikuwa wapi? Mada ya lugha imekupita yote."

Salwa akamweleza. Benadeta akacheka, akamwambia aandike hayohayo kwenye ripoti.

Siku hizi yule mama humpigia bibi kila Ijumaa baada ya swala. Salwa hukaa karibu, na simu ikikatwa tu, huanza: "Bibi, pale ulisema nini?"